Lami Haipimwi kwa Bei ya Unga

Desemba 2021, lita moja ya dizeli jijini Nairobi iliuzwa shilingi 110.60. Katikati ya Septemba 2022 Mamlaka ya Udhibiti wa Kawi na Petroli, EPRA, ilitangaza bei mpya: shilingi 165. Oktoba 2023 ikafika 205.47. Huku Pwani bei huwa chini kidogo kwa kuwa mafuta hushushwa Mombasa, lakini mwendo wake ni huo huo. Mkaazi wa Mambrui akizisoma nambari hizi atakumbuka nauli ya matatu ya kwenda Malindi. Mkandarasi aliyetia sahihi mkataba wa barabara ya changarawe kule Ganze Januari 2022 atakumbuka jambo zito zaidi. Bei aliyoiandika kwenye zabuni haikuwa na ruhusa ya kupanda hata senti moja mpaka Januari 2023, na kufikia Septemba greda lake lilikuwa likinywa mafuta yaliyopanda kwa karibu nusu.

Hiyo haikuwa roho mbaya ya ofisa yeyote pale makao makuu ya kaunti mjini Kilifi. Ni sheria ya nchi. Kifungu cha 139 cha Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015 kinakataza bei ya mkataba wa serikali kuongezwa ndani ya miezi 12 tangu siku ya kutiwa sahihi. Miezi hiyo ikishapita, nyongeza inaruhusiwa kwa masharti. Ipimwe kwa fahirisi ya bei za mlaji inayotolewa na Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS, au kwa kiwango cha mfumko wa bei cha kila mwezi kutoka Benki Kuu. Itekelezwe kabla ya kipindi cha mkataba kuisha. Na nyongeza zote zikijumlishwa zisivuke asilimia 25 ya bei ya awali. Zikivuka, kazi ya ziada itangaziwe zabuni yake.

Nianze kwa kuitendea haki sheria hii, maana haikuzuka hivi hivi. Wakenya wameumizwa vibaya na mikataba iliyoanza na bei ya kuvutia ikaishia na bei ya kutisha. Jengo la kuegesha magari la bima ya taifa ya hospitali jijini Nairobi lilianza na makadirio yasiyofika shilingi bilioni moja, likamalizika likiwa limemeza zaidi ya bilioni tatu, na kamati ya bunge ya uwekezaji wa umma ikabaki kuuliza maswali ambayo mlipa ushuru alikuwa ameshayalipia. Hila ilikuwa nyepesi. Mzabuni aliyejuana na wakubwa aliweka bei ya chini kuliko wote, akashinda, kisha akarudi mwezi baada ya mwezi na karatasi ya nyongeza. Aliyeshindana naye kwa bei ya kweli alikuwa ameshakwenda zake. Kwa hiyo Bunge lilipoandika kwamba bei isipande kwa mwaka mzima, na tena kwamba bei iliyosomwa wakati wa kufungua zabuni ni ya mwisho na haiguswi na mtu yeyote, lilikuwa linaziba tundu la kweli.

Tundu likazibwa. Ila wezi hawakuwa peke yao waliokuwa wakipita mle.

Tazama kipimo chenyewe. Fahirisi ya bei za mlaji ni kapu la matumizi ya nyumbani. Watu wa KNBS huzunguka masokoni na madukani wakiandika bei ya unga, sukari, sukuma wiki, kodi ya nyumba, gesi ya kupikia, nauli, sare za shule. Karibu theluthi ya uzito wa kapu hilo ni chakula na vinywaji visivyo vileo. Ni kipimo kizuri cha jambo lililokusudiwa, yaani kumwambia mama wa Muyeye au wa Mnarani maisha yamepanda kiasi gani kuanzia mwaka jana. Hakikutengenezwa kupima lami, nondo, saruji, kokoto na dizeli ya tingatinga. Na vitu hivi havitembei pamoja. Oktoba 2022, mfumko wa bei wa Kenya ulipofika kilele chake cha wakati ule, ulikuwa asilimia 9.6. Kufikia Septemba dizeli ilikuwa imepanda asilimia 49 katika muda usiotimia mwaka.

Tufanye hesabu ndogo ya mfano. Tuseme kuna kazi ya changarawe ya shilingi milioni 10, ambamo dizeli peke yake inabeba asilimia 40 ya gharama, jambo lisilo ajabu kwa kazi ya kuchimba, kusomba, kumwaga na kushindilia. Dizeli ikipanda asilimia 49, gharama ya kazi nzima imepanda kwa karibu asilimia 20, yaani kama shilingi milioni 2, hata kama kila kitu kingine kimesimama palepale. Ukimpimia mkandarasi huyu kwa kapu la mlaji utampa shilingi 960,000. Pengo la milioni moja analibeba yeye. Na hapo tunakisia kwamba miezi 12 imepita na ana haki ya kupewa chochote. Kama haijapita, anazibeba milioni 2 zote.

Wapo watakaosema shauri yake, biashara ni kujitosa. Basi na waitazame hesabu hiyo upande wa pili, ambako anayeumia ni mlipa ushuru. Kati ya Oktoba 2023 na Oktoba 2024 dizeli ilishuka kutoka shilingi 205.47 hadi 168.06, punguzo la asilimia 18. Katika kazi ile ile ya changarawe, gharama ilipaswa kupungua kwa asilimia 7 hivi. Lakini mfumko wa bei wa Oktoba 2024 ulikuwa asilimia 2.7, na ingawa ulikuwa mdogo, bado ulikuwa juu ya sifuri. Kwa kipimo cha sheria, mkandarasi mwenye mkataba uliovuka mwaka angeweza kudai nyongeza ya shilingi 270,000 wakati ambapo serikali ingestahili kumkata kama 730,000. Kipimo kibovu hakimlindi mtu. Mwaka huu kitamwibia mkandarasi, na mwakani kitamwibia mwananchi, na mara zote mbili mhasibu atasema amefuata sheria, naye atakuwa anasema kweli.

Ndipo ilipo shida ambayo ningependa wabunge na maseneta wetu wa Pwani waishike kwa mikono miwili. Mjadala wa zabuni nchini umekaa sana kwenye wizi, na ni haki ukae huko, lakini kipimo kikiwa kibovu hata watu waaminifu watagombana. Ofisa mwaminifu anakataa kulipa kwa sababu sheria inamfunga. Mkandarasi mwaminifu anaondoa mtambo kwa sababu hana tena pesa za mafuta. Barabara inabaki mawe matupu, masika yanaingia, na mtu wa Bamba aliyeahidiwa njia ya kufikisha mgonjwa hospitalini anaambiwa angoje.

Turudi kwenye miezi 12, maana hapo pana mtego ambao wengi hawauoni mpaka umewafunga. Kazi nyingi za kaunti ni za muda mfupi: madarasa ya chekechea, zahanati, kalvati, mabomba ya maji, kilomita chache za changarawe. Mikataba yake ni ya miezi mitatu, sita, tisa. Sheria inasema bei isipande kabla ya mwaka kutimia, na inasema tena kwamba nyongeza itekelezwe ndani ya kipindi cha mkataba. Ziweke kanuni hizo mbili pamoja. Mkataba wa miezi tisa hauwezi kamwe kupata nyongeza ya bei, kwa kuwa utakuwa umekufa kabla ya mlango kufunguka. Kwa hiyo kifungu cha marekebisho ya bei, kinachoonekana kama haki ya kila mkandarasi, kwa kweli ni haki ya wenye mikataba mirefu, na wenye mikataba mirefu ndio wakubwa. Wadogo wa Magarini na Kaloleni hawamo.

Tena miezi hiyo 12 huhesabiwa kutoka siku ya sahihi, wakati bei iliandikwa zamani. Mzabuni huandika bei yake kabla ya sanduku kufungwa. Baada ya hapo kuna tathmini, kuna barua ya ushindi, kuna siku 14 ambazo mkataba hauruhusiwi kutiwa sahihi ili aliyeshindwa apate nafasi ya kulalamika. Akilalamika, Bodi ya Mapitio ya Zabuni za Umma, PPARB, ina siku 21 za kuamua. Asiporidhika ataenda Mahakama Kuu, ambayo imepewa siku 45, kisha Mahakama ya Rufaa, siku 45 nyingine. Hata rufaa ikienda kwa kasi ya kupongezwa, bei iliyoandikwa wakati wa kaskazi inaweza kuja kutiwa sahihi masika yakikaribia kwisha, na ndiyo kwanza mwaka wa kungoja unaanza. Miezi iliyopita katikati haina mwenyewe.

Katika mikataba ya kimataifa hesabu haiendi hivyo. Shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, FIDIC, ambalo kitabu chake chekundu cha masharti ya ujenzi kilitoka kwa mara ya kwanza mwaka 1957, lilichagua siku ya msingi kuwa siku 28 kabla ya mwisho wa kupokea zabuni. Bei zinazojulikana siku hiyo ndizo za kulinganishia, na chochote kitakachotokea baadaye kina mahali pake kwenye hesabu. Hesabu yenyewe ni rahisi kuliko inavyotisha. Sehemu fulani ya bei, tuseme asilimia 15, haiguswi. Iliyobaki inagawanywa kwa uzito: kazi ya mikono hivi, lami hivi, chuma hivi, mafuta hivi. Kila uzito unazidishwa kwa bei ya sasa ukigawanywa kwa bei ya siku ya msingi. Kikipanda kitu, cheti cha malipo kinapanda kwa kadiri ya kitu hicho tu. Kikishuka, kinashuka. Hakuna wa kumwomba, na hakuna wa kumhonga, kwa sababu nambari zinatoka kwa mtu wa tatu.

Nenda sasa kwenye barabara kuu ya A7, kutoka Mombasa kupita Mtwapa hadi Kilifi, karibu kilomita 54. Upanuzi wake unafadhiliwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika, iliyoidhinisha mkopo wake mwaka 2019, pamoja na ruzuku ya Umoja wa Ulaya, chini ya Mamlaka ya Barabara Kuu, KeNHA. Ni sehemu ya njia ya pwani inayokusudiwa kuunganisha Malindi na Bagamoyo. Kazi imechelewa, na fidia za ardhi zina sehemu kubwa ya lawama hiyo. Ninachotaka msomaji akione ni kingine. Miradi ya mikopo ya namna hii kwa kawaida huandikwa kwa masharti ya jamii ya FIDIC. Benki ya Dunia, kwa mfano, inataka kila mkataba unaozidi miezi 18 uwe na kifungu cha marekebisho ya bei. Na sheria yetu yenyewe, katika kifungu cha 6, inakubali kwamba makubaliano ya kimataifa yakigongana nayo, makubaliano ndiyo yanayoshinda.

Matokeo yake yanaonekana ukisimama Kilifi na kutazama pande mbili. Kwenye barabara kuu yuko mkandarasi mkubwa wa kigeni anayeweza kupata kinga dhidi ya bei ya mafuta. Ukiingia ndani, kuelekea Ganze, yuko mkandarasi wa kaunti, mzaliwa wa hapa, mara nyingine mwanamke aliyepata kazi kupitia mpango wa AGPO unaotengea vijana, wanawake na watu wenye ulemavu asilimia 30 ya zabuni za serikali. Dizeli ni hiyo hiyo, saruji inatoka kiwanda kile kile cha Vipingo, mabati yanatoka Mariakani. Mwenye mtaji na benki nyuma yake ndiye aliyekingwa. Aliyekopa kwa hati ya shamba la familia ndiye aliyeachwa nje. Hilo linaniuma, na sioni aibu kulisema.

Mtu atauliza: kama bei inajulikana haitapanda, kwa nini mzabuni asiweke akiba ya hatari mapema, akaongeza asilimia 15 au 20 juu ya bei yake? Kwa sababu atashindwa. Kwa njia ya kawaida ya zabuni ya wazi, anayeshinda ni mwenye bei ya chini kabisa baada ya tathmini. Anayepiga hesabu kwa uangalifu na kuweka akiba anaondolewa na anayecheza bahati nasibu. Huyo wa bahati nasibu akipata mwaka mtulivu, anamaliza kazi na kupata faida. Akipata mwaka kama 2022, anakwama. Mfumo unachuja na kubakiza wasiojali kesho, halafu tunashangaa kuona miradi imetelekezwa.

Wengine hujaribu njia ya kati, na hiyo ndiyo inayozaa migogoro ya mapema. Mzabuni anaandika bei yake, kisha kwenye barua ya utangulizi anaongeza sentensi: bei hii itabadilika dola ikipanda, au bei ya lami ikipanda. Kwake ni tahadhari. Kwa kamati ya tathmini ni sharti jipya ambalo halikuwemo kwenye nyaraka za zabuni, na bei isiyo ya mwisho. Zabuni inakataliwa kwa kutotimiza matakwa, na mara nyingi kamati iko sahihi, kwa kuwa huwezi kulinganisha bei iliyofungwa na bei inayoelea. Ukikubali moja, umewadhulumu wote walioandika bei kavu. Katiba, kifungu cha 227, inadai ununuzi wenye haki, usawa, uwazi, ushindani na gharama nafuu.

Lakini dawa ilikuwepo, na ilikuwa kwenye kurasa za nyuma za waraka. Nyaraka sanifu za zabuni za ujenzi zinazotolewa na Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma, PPRA, zina mahali pa kujaza kama mkataba utakuwa na marekebisho ya bei au hautakuwa nayo. Ofisi inayonunua ndiyo inayojaza. Mzabuni anayejua kazi yake huufungua ukurasa huo kabla hata ya kukadiria bei za BQ, yaani orodha ya kazi na viwango vyake, na asiporidhika huuliza kwa maandishi kabla ya zabuni kufungwa. Ofisi ikijibu, jibu linawaendea washindani wote. Akiona kuna uonevu, ana siku 14 za kwenda PPARB. Akinyamaza, akashindana, akashindwa, kisha akaja kulalamikia masharti aliyoyasoma wiki nyingi nyuma, bodi itamwambia amechelewa. Na akishinda na mkataba ukatiwa sahihi inavyotakiwa, mlango wa bodi unafungwa kabisa. Kuanzia hapo mgogoro wa bei ni wa wasuluhishi au wa Mahakama Kuu, kama ile iliyopo Malindi, na huko hakuna ahadi ya siku 21.

Hapo kwenye mkataba uliokwisha kutiwa sahihi ndipo wanasheria wanapovutana zaidi. Upande mmoja unasema marekebisho ya bei yaliyoandikwa ndani ya mkataba tangu mwanzo si mabadiliko ya mkataba. Ni utekelezaji wake. Bei iliyokubaliwa ilikuwa hesabu, na hesabu imetoa jibu. Kwa hiyo kifungu cha 139, kinachohusu mabadiliko, hakiigusi. Upande wa pili unajibu kwamba kifungu kinataja bei kupanda, hakitaji sababu, na kwamba Bunge lingetaka kuiacha nje hesabu ya aina hiyo lingesema. Naona hoja ya kwanza ina nguvu zaidi. Sheria inayowaruhusu watu kuandika hesabu kwenye mkataba, kisha ikawakataza kuitumia, inajipinga. Hata hivyo namwelewa ofisa mhasibu wa kaunti anayeogopa. Anajua Mkaguzi Mkuu wa Serikali atapita, na atakapouliza kwa nini bei ilipanda mwezi wa nane, jibu la wanasheria halitamsaidia sana akiwa amekaa mbele ya kamati ya bunge. Basi hatii sahihi, na faili linalala.

Na faili likilala, tatizo jingine linaamka. Bei ya dizeli ni nusu ya maumivu ya mkandarasi wa Kilifi; nusu nyingine ni malipo yanayochelewa. Kufikia 2025 wakandarasi wa barabara peke yao walikuwa wanaidai serikali ya taifa kiasi cha shilingi bilioni 175, mpaka Hazina ikaamua kuweka rehani shilingi 7 katika ushuru wa shilingi 25 wa matengenezo ya barabara unaotozwa kila lita ya mafuta ili ikope na kuwalipa. Kaunti nazo zina madeni yao. Sheria, kifungu cha 140, inasema deni lililochelewa lilipwe na riba. Ni wangapi wadogo wanaothubutu kuidai riba hiyo, wakijua wataomba zabuni nyingine mlango ule ule mwakani?

Kuna jambo moja ambalo kila nikilifikiria naona halina utetezi. Julai 2023 serikali iliongeza ushuru wa ongezeko la thamani, VAT, kwenye mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16. Huu haukuwa uvamizi wa Ukraine wala dola iliyotoroka. Ulikuwa uamuzi wa Bunge letu. FIDIC ina kifungu maalumu kwa jambo kama hilo: sheria ikibadilika baada ya siku ya msingi na gharama ikapanda, anayelipa ni mwenye mradi. Mkandarasi wa Kaloleni aliyetia sahihi Mei 2023 alikuta serikali aliyosaini nayo imeongeza gharama yake kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili inamwonyesha kifungu cha 139. Katika biashara baina ya watu wawili wa Malindi, jambo hilo lingepelekwa kwa wazee na lingemalizwa asubuhi moja.

Bara ya kaunti hii hii kuna mfano wa jinsi migogoro ya malipo inavyoishia. Mwaka 2014 Bodi ya Taifa ya Unyunyizaji iliingia mkataba na kampuni ya Green Arava ya Israeli wa kutengeneza shamba la mfano la ekari 10,000 huko Galana-Kulalu, kwenye mpaka wa Kilifi na Tana River, shamba lililoahidiwa kulisha nchi mahindi. Pande mbili zikazozania malipo, na mwaka 2019 mkandarasi aliondoka mradi ukiwa haujakamilika. Sitaki kusema nani alikuwa na haki. Mkataba ule una historia ndefu kuliko bei ya mafuta. Lakini kila anayedhani kukataa kulipa ni kuokoa pesa za umma atazame nini hutokea mkandarasi anapofunga virago. Mtambo uliofungwa nusu haumwagilii nusu ya shamba.

Majirani zetu wana jambo la kutufunza. Tanzania ina Baraza la Taifa la Ujenzi, ambalo kwa miaka mingi limekuwa likitoa fahirisi za bei za vifaa vya ujenzi pamoja na kanuni ya kukokotoa mabadiliko ya bei kwenye mikataba. Sisi hatuhitaji hata kuunda chombo kipya. KNBS tayari hutoa kila robo mwaka fahirisi ya bei za pembejeo za ujenzi, ikitenganisha majengo na kazi za barabara na miundombinu. Ofisi ile ile ambayo sheria inaitaja, inayotupa bei ya unga, ina bei ya lami na nondo kwenye rafu ya pili.

Marekebisho yanayohitajika hayazidi mistari michache. Kwa mikataba ya ujenzi, fahirisi ya pembejeo za ujenzi iwe ndiyo kipimo, si kapu la mlaji, na ifanye kazi kupanda na kushuka. Hesabu ianzie siku ya zabuni, si siku ya sahihi. Ushuru mpya wa serikali yenyewe uwe na nafasi yake. Zuio la miezi 12 libaki, nalikubali, kwa nyongeza za kujitakia, zile za mkandarasi kuja na hadithi mpya. Lisiguse hesabu iliyoandikwa wazi kwenye nyaraka za zabuni, ambayo washindani wote waliiona kabla ya kuandika bei. Dari ya asilimia 25 ibaki ilivyo. Hakuna tundu la wezi linalofunguka hapo, kwa sababu nambari zinachapishwa na mtu yeyote mwenye simu anaweza kuzisoma.

Seneti ndiyo mlinzi wa kaunti kwa mujibu wa Katiba, na sheria inayozibana kaunti zote 47 ni kazi yake halali. Mpaka itakapofika huko, nawasihi wenye kampuni ndogo wa Kilifi, Malindi, Magarini na Rabai: zabuni ya barabara ikitangazwa tena, uliza kwa maandishi kabla ya kuandika bei kama mkataba una marekebisho ya bei, yanapimwa kwa fahirisi gani, na yanaanza kuhesabiwa siku gani. Ofisi ikikaa kimya, uliza tena kabla sanduku halijafungwa, na uweke nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Siku 14 za PPARB hupita haraka.